Plagi Nne za Kumtoa Mama

Gari lilikataa kuwaka Jumatano asubuhi, na ndoa ya mama ilikuwa Jumamosi.

Halikukataa kwa adabu. Lilikohoa mara mbili, likatema moshi mweusi, likapiga mshindo mmoja uliomrusha paka wa jirani juu ya ukuta, kisha likanyamaza. Kinyozi akashuka, akafungua boneti na kuinama juu ya injini kwa uso wa mtu anayejua anachokitazama. Hakujua. Ufundi wake ulikuwa wa mkasi, kitana na mashine ya kunyolea. Katika injini alipajua pa kutia maji na pa kutia petroli, basi. Lakini kwa kulisifu gari hilo hakuwa na mpinzani mtaa mzima.

"Gari la marehemu baba," alizoea kuwaambia wateja. "Tangu litoke kiwandani halijabadilishwa hata nati moja. Kila kilichomo ndani yake kilizaliwa nalo." Na mteja mwenye wembe shingoni hana la kufanya ila kukubali.

Mama yake alitoka nje akiwa na kanga ya nyumbani na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane wa miaka tisa, na Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa anaolewa na Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, mgane mwenye umri wa miaka sabini na minne.

"Limekataa?" akauliza.

"Limekataa, Mama."

"Basi mwite fundi. Nimekwisha kusema tangu mwanzo: nitatoka nyumba hii mchana, kwa mlango wa mbele, ndani ya gari la baba yako. Asije mtu akasema nilitoroka. Gari lisiponitoa, sitoki." Akanywa funda la chai, akarudi ndani kumalizia kupiga pasi.

Kinyozi alibaki na boneti yake. Na hapo lazima isemwe kweli, hata kama haipendezi: lilipozimika lile gari, moyo wake ulitulia kidogo. Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha hesabu, tena alimsimamisha nje ya darasa mara zisizohesabika. Sasa ilimpasa kumkabidhi mama yake mwenyewe. Wateja walikwisha kuanza. "Tunasikia unapata baba mpya," wangesema wakijitazama kwenye kioo, na Kinyozi angecheka nao huku masikio yakimuwaka moto.

Mkewe, aliyekuwa dirishani na cherehani yake, aliuona utulivu ule usoni mwake. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona gauni la bibi harusi.

&nbsp;

Fundi waliyemwita alijulikana kwa jina la Masizi, na ukimwona huulizi kwa nini. Alizifungua plagi zote nne za kuwashia injini akazipanga juu ya gazeti. Kauri zake zilikuwa na nyufa, na ncha zilikuwa zimelika kabisa.

"Hizi zimekufa, kaka. Una nyingine?"

Kinyozi akaleta mkebe wa biskuti ambao baba yake aliuacha ukiwa umejaa plagi. Miaka yote hiyo walikuwa wakichota humo. Sasa ulikuwa mtupu. Zile nne ndizo zilizokuwa za mwisho. Masizi akainua moja kwenye mwanga, akaigeuza, akaichukua nyingine, akaigeuza nayo.

"Hazina namba."

"Ni za zamani. Zimefutwa na wakati."

"Wakati hausugui kwa tupa," Masizi akasema. "Angalia mikwaruzo. Mtu amekaa chini akazisugua namba zote, moja moja."

"Nani afanye kazi ya kijinga namna hiyo?" Kinyozi akasema, akavaa viatu aende dukani.

Duka la spea lilikuwa la bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Katalogi, kwa kuwa hakuuza hata balbu bila kwanza kufungua kitabu chake kinene. Mbele ya kaunta palikuwa na benchi, na benchini palikuwa na wanaume watatu ambao hawakuwa na magari ila walikuwa na maoni.

"Gari gani, mwaka gani?" Katalogi akauliza, ingawa alilijua tangu utotoni.

Kinyozi akataja jina na mwaka kwa sauti ya kutosha benchi zima. Kidole cha Katalogi kikateremka kwenye ukurasa, kikasimama. Akapanda ngazi, akarudi na boksi lenye vumbi. Plagi zenyewe zilikuwa nene kama kidole gumba, na bei yake ilikuwa sawa na vichwa vya wiki nzima. Kinyozi alilipa bila kupunguziwa, maana kitu halisi hakiombewi punguzo.

Hazikuingia. Masizi alijaribu tundu la kwanza, la pili, akarudi la kwanza. Plagi ilikuwa nene na tundu lilikuwa jembamba. Hata mtoto angeona. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akakohoa.

"Kaka, nikuulize jambo na usikasirike. Una hakika injini hii ni ya gari hili?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Maana kitabu kinasema hivi, na tundu linasema vile."

"Masizi, mimi nimepata akili nikalikuta gari hili."

"Ndiyo, lakini..."

"Hakuna cha lakini! Baba yangu hakuwa mtu wa kuungaunga. Kama plagi haiingii, kosa ni la plagi."

Masizi alikuwa na watoto watano na hakutaka kupoteza kazi kwa ajili ya marehemu wa mtu. Akazirudisha plagi zile nene boksini. Na mwenye kuficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu Kinyozi wetu hata hakujua kwamba ana maradhi, kwa hiyo tumsamehe kidogo.

&nbsp;

Alhamisi alirudi dukani mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na plagi moja ya zamani mfukoni ili wailinganishe. Katalogi hakupenda. Kuuza kwa kulinganisha aliona ni kama kuozesha kwa kufumba macho. Hata hivyo alitafuta, akapata plagi yenye unene uleule na nyuzi zilezile za kukazia, ila sehemu ya nyuzi ilizidi urefu kwa upana wa kucha.

"Ndefu ndiyo nzuri," akasema mmoja wa benchini. "Inapeleka moto ndani zaidi."

"Kweli kabisa," akasema wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kufuga kuku.

Masizi alipoifunga hakuwasha gari. Alichukua hendeli akaizungusha injini taratibu kwa mkono, huku ameinamisha sikio. Tak. Akasimama. Alipoifungua ile plagi, ncha yake ilikuwa imepondwa ikalala. "Pistoni imeigonga," akasema. "Tungewasha, sasa hivi tungekuwa tunaokota vipande. Gari halinunuliwi plagi kwa kupenda, kaka. Unene, urefu, na joto lake, vyote vitatu vikubaliane."

Mara ya pili Katalogi alimpa za urefu sawasawa. Na lo, gari likawaka! Lilinguruma uani mpaka sufuria zikatikisika jikoni. Mama alitoka mbio, akapiga kigelegele kimoja kirefu, akamshika Masizi mikono akacheza naye, naye fundi wa watu akacheza kwa woga asimchafue. Mke wa Kinyozi aliacha cherehani. Hata Kinyozi alicheka. Akasema atalizungusha mtaa mara moja tu, watu walione.

Watu waliliona. Lilianza kukohoa kwenye kona, likashikwa na kwikwi, na likazimika mbele ya duka la Katalogi hasa, kana kwamba lilikuwa na shida naye binafsi. Benchi lote lilisimama. Wakalisukuma wakiimba wimbo wa harusi, tena kwa sauti tatu, hadi uani. Kinyozi aliushika usukani akitazama mbele, na jasho lilimtoka ingawa hakusukuma.

Plagi zilitoka nyeusi tititi.

"Hizi ni baridi mno kwa injini hii," Masizi akaeleza. "Kuna plagi inayotoa joto lake upesi, na kuna inayolitunza ili iunguze masizi yenyewe. Injini hii imezeeka, inakula oili. Inataka plagi ya moto. Lakini ya moto kiasi gani? Ikizidi, itaitoboa pistoni. Mimi sikisii tena. Niambie injini hii ni ipi hasa, nami nitakuwashia leo hii."

"Nimeshakwambia."

"Basi tusubiri ikumbuke yenyewe," Masizi akasema, akakusanya spana zake.

&nbsp;

Wakati wa kula mkewe alimtengea chakula, akakaa mbele yake, asiinuke.

"Umefurahi," akasema.

"Nimefurahi nini?"

"Gari kufa. Jana nilikuona, na leo nimekuona tena. Ulipata aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu palikuwa na raha."

Kinyozi akamega tonge asilipeleke mdomoni. Mkewe alikuwa na macho ya fundi cherehani; akikutazama tu anajua umepungua wapi na umezidi wapi.

"Watu watasema nimeshindwa kumtunza mama yangu," akasema hatimaye. "Kwamba ameona heri kwa Mwalimu."

"Watu gani? Hao unaowanyoa? Watasema hata usipowapa la kusema." Akashusha sauti, kwa kuwa chumba cha mama kilikuwa hatua nne tu kutoka hapo. "Mama yako amekula chakula chetu miaka tisa na kusema asante kila mara, kama mgeni. Mwanamke anayesema asante kwa kila sahani nyumbani kwake, unadhani ana raha? Huyo Mwalimu akimpigia simu, namsikia anacheka mpaka anakohoa. Mimi nataka aende akacheke."

Maneno yalimwingia. Sahani aliiacha nusu, na hiyo si kawaida yake hata kidogo.

&nbsp;

Ijumaa saa tatu asubuhi mlango wa duka la kunyolea ulifunguliwa akaingia Mwalimu mwenyewe, na fimbo yake ya kutembelea na shati lililofungwa vifungo mpaka juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kunyolewa. Nisikilize vizuri: nataka nipendeze, lakini nisionekane nimejitahidi."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakakumbuka ghafla kwamba hawana haraka. Kinyozi akamfunga shuka shingoni. Hii ndiyo shingo aliyoitazama kutoka dawati la nyuma miaka mitano, ilipokuwa nene na ya kutisha. Sasa ilikuwa na mikunjo laini, na nyuma ya sikio palikuwa na kovu dogo ambalo hakuwahi kulijua. Akanyoa polepole.

"Nasikia gari linasumbua," Mwalimu akasema.

"Linasumbua, Mwalimu. Ungemwambia Mama apande teksi tu. Wewe labda atakusikia."

"Sitamwambia. Anataka kutoka katika nyumba ya mumewe kwa heshima, na heshima yake huyo marehemu ni yangu pia. Jana amenipigia, akaniambia, 'Lisipowaka sitoki.' Nikamwambia, basi nitangoja."

"Utangoja mpaka lini?"

"Mpaka liwake. Likitaka mwezi, mwezi ninao. Likitaka mwaka..." Mwalimu akajitazama kwenye kioo. "Mwaka nao ninao, nadhani. Ila hesabu ya iliyobaki siijui, na hilo ndilo somo pekee nililoshindwa."

Kinyozi aliona aibu, aibu ya kweli safari hii. Mzee mzima alikuwa tayari kungoja, na yeye kijana wa miaka arobaini na mitano alikuwa akiombea plagi zife. Akamalizia kunyoa ndevu kwa mkono mwepesi kuliko siku zote, akampaka mafuta, akamfuta nywele begani moja baada ya nyingine. Mwalimu alipotoa pochi, akaikataa.

"Utanilipa kesho," akasema. "Kesho ukiwa na mke."

Wateja wakapiga makofi. Kinyozi hakuwasubiri wamalize. Alivua aproni, akafunga duka asubuhi ya Ijumaa, siku yenye vichwa vingi kuliko zote, akaenda nyumbani.

&nbsp;

Mama alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, mikono juu ya mapaja, kana kwamba safari imeanza. Kinyozi akachuchumaa kando ya mlango.

"Mama, nina jambo. Gari lilipokataa, sikusikitika. Nilikuwa sitaki uende. Nilijali maneno ya watu."

"Najua. Nilikuzaa mimi."

"Sasa nataka uende. Nataka kwa moyo wangu wote. Ila sijui hizo plagi nizitoe wapi, Masizi amekata tamaa, na kesho ndiyo kesho."

Mama akamtazama kwa muda, akimpima. "Unataka kweli?"

"Kweli, Mama."

"Basi ingia. Funga mlango. Pandisha na kioo."

Akaingia mbele, kwenye usukani. Ndani palinuka ngozi ya viti na miaka mingi. Mama akavuta pumzi, akaishikilia kidogo, akaiachia.

"Injini hii ni ya gari la mkate."

"Ati nini?"

"La kusambazia mikate. Ulikuwa na miaka miwili. Baba yako alikuwa na gari lake miezi sita tu, mtaa mzima umelishangilia, na siku moja akaenda safari ndefu akasahau kutia maji. Injini ikapasuka. Alilia, mwanangu. Hakulilia gari, alililia vicheko vya watu. Wiki ileile gari la mkate lilipinduka darajani. Akaenda kwa siri akainunua injini yake. Tuliifunga humu, gari likiwa bandani, siku mbili, milango imekomewa. Mimi nilimpa spana na kumshikia taa. Majirani wakiuliza, niliwaambia ana matubwitubwi, wasikaribie. Kisha akakaa chini na tupa, akasugua namba za plagi zote, akaniapisha. Nisimwambie mtu hata yeye akifa."

Miaka ishirini ya kusifu ilimpita machoni, kichwa kwa kichwa, wembe kwa wembe. Hata nati moja!

"Kwa nini hukusema Jumatano?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi. Niliapa. Tena nilisema moyoni, kama mwanangu hataki niende, ya nini nimvunjie marehemu ahadi? Sasa umetaka. Na mimi kesho naingia nyumba ya mume mwingine. Siwezi kuingia kwa yule nimebeba siri ya huyu, nikalala nayo kitandani kwa watu. Nimeitunza miaka arobaini na mitatu, inatosha. Nakuachia wewe. Fanya utakalo."

Kicheko kilimwanzia Kinyozi tumboni. Alijaribu kukizuia kwa heshima ya marehemu, kikamshinda. "Matubwitubwi!" akasema, akalaza kichwa kwenye usukani, akacheka na machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Alimwona baba yake, mtu mkubwa aliyemwogopa maisha yake yote, amekaa bandani na tupa, akiogopa maneno ya watu kama yeye. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda wakati ule. Mama naye akacheka mpaka akakohoa, na gari lote likatikisika uani bila plagi hata moja.

&nbsp;

Njiani kwenda dukani alikuwa amepanga uongo wake vizuri.

"Nataka plagi za gari la mkate la zamani," akamwambia Katalogi kwa sauti ya chini. "Si langu. La rafiki."

"Rafiki yako ana gari la mkate la zamani?"

"Analo."

"Linakaa wapi? Mimi spea za mji huu wote nauza mimi."

Benchi likasogea mbele. Kinyozi akatazama kaunta, akatazama mikono yake. Angeweza kusema kijijini. Angeweza kusema chochote. Lakini alimkumbuka baba yake na ile tupa, akaona kazi hiyo ya kusugua namba ni ndefu mno kuirithi.

"Ni langu," akasema. Akarudia kwa sauti, ile aliyozoea kusifia. "Injini ya gari la baba yangu ni ya gari la mkate! Alipasua ya kwanza kwa kusahau maji, akafunga hii kwa siri, akasingizia matubwitubwi. Haya, chekeni mmalize. Nina harusi kesho."

Walicheka. Loo, walicheka! Mfuga kuku aliteleza kutoka benchini akabaki chini. Katalogi, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliyaonyesha yote. Lakini mzee wa mwisho benchini, mkimya kuliko wenzake, akainua mkono.

"Lile lililopinduka darajani? Nalikumbuka! Nilikuwa kijana. Mtaa mzima tulikula mkate bure siku tatu." Akamtazama Kinyozi kwa heshima mpya. "Kumbe bado linatembea."

Kitabu kikafunguliwa, sura ya magari ya mizigo midogo. Unene uleule, urefu uleule, na joto lake limeandikwa wazi. Boksi lilikuwa rafu ya chini kabisa, limesukumwa ndani kwa miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyeliulizia. Plagi zilikuwa nne kamili. Katalogi alitoza bei yake yote, maana biashara ni biashara, ila alitoka nyuma ya kaunta na kufunga duka aje aone zikifungwa. Benchi nalo likaja.

Masizi alisikiliza habari yote bila kusema "nilikwambia," na kwa hilo tu alistahili pepo. Akapima mwanya wa kila plagi, akagonga kidogo, akapima tena. Akazifunga kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, akazungusha hendeli na kutega sikio. Kimya. Hakuna tak. "Washa," akasema.

Liliwaka mara moja. Halikunguruma safari hii, lilivuma kwa upole, sawasawa, mpigo baada ya mpigo, na Masizi aliliacha liwake nusu saa nzima kabla ya kuifungua plagi moja. Ncha yake ilikuwa kavu, na rangi yake ilikuwa ya kahawia isiyokolea.

"Rangi ya mkate," Katalogi akasema, na uani pakawa hapakaliki kwa vicheko.

&nbsp;

Jumamosi mama alitoka kwa mlango wa mbele saa tisa na nusu, jua likiwa kali, katika gauni la rangi ya samli ambalo mkwewe alikuwa amelimaliza asubuhi ile. Mtaa ulikuwa nje. Alisimama kizingitini, akaitazama nyumba, akaigusa fremu ya mlango kwa kiganja. Kisha akapanda nyuma pamoja na mkwewe, na Kinyozi akaondoa gari.

Walipokaribia duka la spea, benchi lilikuwa limesimama wima, limevaa mashati safi.

"Mkateee!" wakapiga kelele. "Mkate umepita!"

Kinyozi akawapigia honi tatu ndefu.

"Umewaambia?" mama akauliza.

"Nimewaambia, Mama."

"Wote?"

"Hata mfuga kuku."

Mama akafunika mdomo kwa viganja. Kinyozi alimwona kwenye kioo, mabega yakitetemeka, akaogopa kwamba amemliza siku ya harusi yake. Kumbe anacheka.

"Baba yako angekufa mara ya pili," akasema. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baada ya muda akasema tena, kwa sauti nyingine, "Lakini angelala vizuri. Maskini, alikuwa halali vizuri."

Mwalimu alikuwa langoni kwake tangu saa nane, majirani walisema baadaye, na alikataa kuletewa kiti. Alikuwa amependeza, tena alionekana kabisa kuwa amejitahidi. Kinyozi alisimamisha gari miguuni pake, lakini hakuzima. Akashuka akaliacha likivuma, akamfungulia mama yake mlango, akamshika mkono na kuuweka katika mkono wa Mwalimu.

"Zima gari, uingie," Mwalimu akasema. "Watu wanangoja."

"Naogopa kulizima, Mwalimu. Likigoma kuwaka tena, tutarudije?"

Mwalimu akalitazama gari, akamtazama yule mtoto wa dawati la nyuma.

"Likigoma mtalala hapa," akasema. "Hapa ni kwa mama yako."

Kinyozi akaingiza mkono dirishani, akazima.